Kichwa cha treni cha Tri-ang (Jinty, mota ya X04): mota iliganda kabisa, na bado nakipa nyota nne na nusu

Wale tunaoishi huku Uingereza tunajua, ikifika kiangazi watu wanashusha vitu vya darini wanakuja kuviuza uwanjani kwenye buti za magari, na hukosi kukuta boksi la treni za umeme za kuchezea, vichwa viwili vitatu, mabehewa, reli zimefungwa na rababendi iliyokwisha kukatika. Ukimuuliza muuzaji kama zinatembea anakujibu hajazijaribu. Mimi nilikuwa napita tu, nikijua kitu cha umeme kilichokaa miaka hiyo yote ni mzigo wa dampo. Sasa hivi nafikiri tofauti kabisa na ndo maana nimekaa kuandika, maana nimetafuta maelezo ya hii kitu kwa Kiswahili sijapata hata mstari.

Changu sikununua. Bibi wa nyumba ya pili, mumewe alifariki mwaka juzi, alikuwa anahama kwenda kukaa karibu na binti yake, akaniita nimsaidie kushusha maboksi darini, na moja lilikuwa la treni za mzee. Akaniambia chukua umpelekee mtoto. Nikamwambia mama hivi vitu vina thamani, akasema thamani yake ni kuona vinatembea tena, mzee alikuwa anavisikitikia. Hapo ikawa deni, sio zawadi tena.

Kichwa chenyewe ni Jinty, cheusi, magurudumu sita, namba 47606 ubavuni. Jinty za kweli zilikuwa vichwa vya mvuke vya kazi ya yadi, kupanga mabehewa na kuvuta mizigo ya karibu, zilijengwa kati ya 1924 na 1931, jumla yake 422. Moja yapo, 47406, nimeiona kwa macho pale reli ya kumbukumbu ya Great Central, Loughborough, na nikikishika hiki kidogo mkononi nakitambua, yale matangi ya maji ya pembeni, ile bomba fupi ya moshi. Kipimo chake ni OO, yaani milimita 4 kwa kila futi ya treni halisi, na kinatembea kwenye reli ya upana wa milimita 16.5. Kilitengenezwa Margate, kule Kent pwani, kiwanda cha Tri-ang ambacho baadaye ndo kikaja kuwa Hornby.

Nikaweka kwenye reli, nikapandisha umeme taratibu. Kimya. Nikaongeza. Kikaanza kunguruma kwa ndani, mngurumo wa kitu kinachotaka kusogea kikashindwa, magurudumu hayatikisiki, na taa ya kontrola, kile kifaa cha kupandisha na kushusha umeme wa reli, ikazima yenyewe. Nikajaribu tena mara mbili, na hilo ndo kosa ambalo nataka wewe usifanye. Mota ya umeme ikiwa inazunguka inazalisha umeme wake wa kupingana na ule unaoingia, ndo unaouzuia usiingie mwingi. Ikiwa imeganda hakuna cha kuuzuia, umeme wote unapita kwenye koili na kugeuka joto, na ile varnishi nyembamba inayofunika waya za koili ikiungua mota imekufa kweli. Kwa hiyo ukisikia mngurumo bila mwendo, kata umeme hapo hapo, usiseme ngoja nikipe kidogo tena.

Kesho yake nikakipeleka duka moja la treni hizi, silitaji, nikatoa pauni tano za kukaguliwa. Jamaa akajaribu kuzungusha magurudumu kwa kidole, yakagoma, akasema mota imekufa, spea sina, nunua kichwa kipya. Hakukifungua! Hajagusa hata skrubu moja. Iliniuma, pauni tano zinarudi, ila nilikuwa nimeshaanza kumwambia mwanangu basi tena.

Jioni nikapiga simu nyumbani. Mzee wangu alikuwa fundi wa reli, karakana ya Morogoro, amestaafu sasa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba, habari za baridi?"

Nikamweleza. Akasikiliza, nikadhani atacheka kusikia natengeneza treni ya kukaa kwenye kiganja, hakucheka. Akauliza, "Umeizungusha kwa mkono kwanza?" Nikasema hapana. "Sasa wewe unapelekaje umeme kabla hujaizungusha? Sisi injini ikilala muda mrefu haiwashwi. Tunafungua vali za kwenye silinda, tunaizungusha kwa mkono polepole, tuone kama kuna maji yameingia, tusikie kama kuna kitu kinashika, ndo baadaye unapiga stata. Izungushe kwanza. Ikikataa, itafute inakatalia wapi."

Hapo kwenye inakatalia wapi ndo pana kazi yote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kwenye kichwa kama hiki mota haizungushi magurudumu moja kwa moja. Shafti ya mota ina gia ndefu yenye nyuzi kama za skrubu, hiyo inasukuma gia ya duara iliyo kwenye ekseli moja, halafu vile vyuma vya pembeni vinavyounganisha magurudumu vinavuta ekseli zingine. Na uzuri au ubaya wa ile gia ya skrubu ni kwamba inasukuma upande mmoja tu, mota inaweza kuzungusha gurudumu lakini gurudumu haliwezi kuzungusha mota. Kwa hiyo yule jamaa wa dukani kuzungusha magurudumu kwa kidole yakagoma hakukuwa na maana yoyote, hata Jinty nzima inayotembea vizuri magurudumu yake hayazunguki kwa kidole! Ukitaka kujua, vua bodi, shika ile gia ya skrubu yenyewe ndo uizungushe.

Nikavua bodi. Ndani yake ndo nikaanza kuipenda hii mota. X04 iko wazi, hakuna kopo, unaona kila kitu kwa macho: sumaku kubwa nyuma, koili tatu za waya mwekundu wa shaba, komyuteta yenye vipande vitatu (ile sehemu ya shafti inayopokea umeme kutoka kwa kaboni), kaboni mbili, na springi moja tu imepinda kama kibanio cha nywele inazibana kaboni zote mbili. Mtu aliyewahi kufungua feni au blenda ya nyumbani hapotei. Nikajaribu kuzungusha gia ya skrubu kwa vidole, ngumu kama imelehemiwa.

Basi nikafungua mota ikatoka kwenye chasisi, na hapo unagawanya tatizo mara mbili. Ukiitoa mota halafu ikazunguka yenyewe bila shida, ugonjwa uko kwenye magurudumu. Ikiwa bado imekaza na magurudumu yanateleza, ugonjwa uko kwenye mota. Yangu ilikuwa pande zote mbili. Kwenye ekseli kulikuwa na nywele za zulia na za paka zimejisokota mpaka zimekuwa kama bangili, nikazikata kwa wembe nikazivuta na kibano, nafikiri nilitoa nusu saa nzima ya nywele. Na juu ya gia kulikuwa na grisi ya zamani, rangi ya sukari guru, na ngumu vile vile kama sukari guru, ikawa inakatika vipande nikiichokonoa na kijiti cha meno. Magurudumu yakawa huru, nikayasukuma kwenye meza yakaenda hayagongi popote.

Ikabaki mota. Angalia shafti inapoingia kwenye bushi, yale matundu yanayoishika izunguke, mbele na nyuma. Pale kuna vipande vidogo vya felti, kazi yake ni kushika oili iwe inalainisha bushi kidogo kidogo. Kiwandani wazo zuri sana, lakini oili ikikaa miongo darini, joto la kiangazi baridi la msimu wa baridi, sehemu nyepesi inapotea inabaki ile nzito, inakuwa kama gundi, na felti imeishikilia pale pale kwenye shafti. Mota yangu haikuwa imekufa wala haikuwa na kutu, ilikuwa imegandishwa na oili yake yenyewe.

Dawa niliyotumia iko hivi. Kwanza draya ya nywele ya mke wangu, joto la kati, dakika mbili tatu kwenye bushi za mbele na nyuma, ile gundi ilainike. Nikazima draya nikaiweka mbali, mota ikapoa kabisa, ndo nikatia tone moja la petroli ya vibiriti (lighter fluid) kwa kila bushi kwa ncha ya sindano. Mfuatano huo usiugeuze! Petroli ya vibiriti na draya havikai pamoja, fungua dirisha, mtoto asiwe karibu, na usipeleke umeme mpaka iwe imekauka na harufu imeisha maana kaboni za mota zinatoa cheche. Nikaacha usiku kucha. Asubuhi nikarudia tone, nikashika gia ya skrubu kwa vidole viwili nikawa natikisa, mbele nyuma, mbele nyuma, bila kulazimisha, wala usishike na koleo kwa sababu utapinda shafti au utakwaruza nyuzi. Dakika kumi hivi hakuna kitu. Halafu nikasikia kwenye vidole, sio kwa masikio, kitu kimeachia. Labda nusu milimita. Nikaendelea, ikawa robo mzunguko, ikawa nusu, na ilipomaliza mzunguko mzima nikaona uji mweusi wa kahawia unatoka pembeni ya bushi. Nikaufuta kwa pamba ya masikio, nikatia tone lingine, ukatoka tena, mara tano sita mpaka pamba ikawa inatoka safi. Nikampigia mzee saa hiyo hiyo kabla hata sijanawa mikono.

Baada ya hapo mengine ni usafi. Kaboni nilizitoa, springi iruke isikupotelee, fanyia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Komyuteta ilikuwa nyeusi, nikaisafisha kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili mpaka ikarudi rangi ya shaba, na zile nafasi tatu kati ya vipande nikazichokoa kwa kijiti cha meno, kwa sababu vumbi la kaboni likijaa mle linaunganisha vipande na mota inakula umeme bila nguvu. Msasa usitumie, unaacha mikwaruzo inayokula kaboni. Hiyo alkoholi isifike kwenye bodi, rangi ya zamani inaweza kutoka. Nikachukua tesa nikapima ukinzani (ohm) kati ya vipande vya komyuteta, viwili viwili, mara tatu, namba zikafanana. Zingetofautiana sana ningejua koili moja imekatika au imeungua na ndo pale neno la kununua mota nyingine linakuwa la haki.

Vitu viwili vya X04 ambavyo usipovijua utaiharibu wewe mwenyewe. Sumaku usiitoe. Najua mkono unawasha, unataka kufungua kila kitu usafishe, lakini sumaku za aina hii ukizitenganisha na chuma chake zinapungua nguvu, ukirudisha mota inazunguka kwa joto na njaa ya umeme. Kila kitu nilichoeleza hapo juu nimekifanya sumaku ikiwa mahali pake. Cha pili ni ile springi ya kaboni, mkono mmoja una kijisoksi cha kuzuia umeme na mwingine hauna, kwa sababu kaboni moja imeungana na mwili wa mota na nyingine lazima itengwe. Kijisoksi kinakaa upande ule wenye waya unaoleta umeme. Changu kilikuwa kimekauka kikasagika nilipokigusa, ningerudisha hivyo hivyo ilikuwa ni shoti ya moja kwa moja. Nikachuna plastiki ya waya mwembamba, kipande cha nusu sentimita, nikakivalisha, kikakaa vizuri tu.

Oili. Hapa watu wengi wanaharibu kwa upendo. Tone moja, dogo, kwa kila bushi, kwa ncha ya sindano, basi. Mimi natumia oili nyepesi ya cherehani, ile nyeupe. Ukitia nyingi inatembea kwenye shafti inafika kwenye komyuteta, inachanganyika na kaboni, umerudi ulikotoka. Na ile dawa ya kopo ya kupuliza ambayo kila mtu anayo gareji usiipulize kwenye mota, inasambaa kila mahali na inakuja kuacha utando unaoshika vumbi. Kwenye gia nikapaka grisi nyeupe isiyodhuru plastiki kiasi cha kichwa cha kiberiti.

Kabla ya kurudisha kwenye chasisi nikaigusisha na betri ya volti 9, sekunde moja tu. Ikazunguka! Mwanangu alikuwa amekaa mezani kimya muda wote, akaruka kiti kikaanguka. Nikaiacha, nikaigusisha tena, ile sauti yake sio ya mota za siku hizi, inakwaruza kidogo halafu inakuwa nyororo inavyopata kasi, na inatoa harufu, cheche za kaboni na oili ya moto, wenye treni hizi wanaijua. Bibi wa jirani nilipompelekea kichwa kikitembea alivuta pumzi akasema ndo harufu ya chumba cha mzee wake. Sikusema kitu, nilimwacha akashika kontrola mwenyewe.

Ukishairudisha yote usikipe mizigo hapo hapo. Changu nilikizungusha chenyewe bila behewa kasi ya kati, nusu saa kwenda mbele nusu saa kurudi nyuma, nikiwa nagusa mota kila baada ya muda kuona kama inachemka. Joto la kawaida sawa, ikiwa huwezi kuacha kidole juu yake simamisha. Na zile kontrola za zamani zinazokuja ndani ya boksi msichomeke ukutani jamani, nyaya zake za umeme wa nyumba plastiki yake inakuwa imepasuka, nunua mpya ya volti 12.

Sasa kama bidhaa. Hiki kitu kimetengenezwa ili kifunguliwe na mtoto wa miaka kumi na mbili akiwa na bisibisi moja. Linganisha na vichwa vipya vyenye mota ya kopo lililofungwa, ni vizuri, vinatembea taratibu kama treni kweli, sauti hakuna, lakini kopo likiganda ndani unabadilisha kopo zima. X04 zilitengenezwa nyingi mno, ziliingia kwenye vichwa vya aina nyingi, kwa hiyo kaboni, springi na hata mota nzima ya mtumba bado vinapatikana kwa bei ya kawaida. Uwanjani nimeona Jinty hizi kuanzia pauni 15 mpaka 30, na ikiwa muuzaji anasema imeganda bei ishuke, wewe ukijua moyoni kwamba mara nyingi ni oili tu. Ila angalia vitu hivi kabla hujatoa hela: chasisi iwe imenyooka, maana kuna chuma cha kusubu cha zamani kinachooza kwa ndani, kinavimba, kinapasuka kama udongo mkavu, na hicho hakina tiba. Chungulia koili, zikiwa nyeusi zimeungua achana nayo. Na nusa, kitu kilichoungua kina harufu yake hata baada ya miaka.

Nusu nyota nimeikata kwa ajili ya magurudumu. Kingo zake ni nene na zimeshuka sana chini, kwenye reli za kisasa zilizo nyembamba zinagonga vile vishikizo vya reli, tak tak tak, na kwenye njia panda kinaruka. Kwenye reli nzito za Code 100, zile zenye kimo kirefu zaidi, kinakwenda japo kwenye njia panda uwe mpole, ila raha yake ni kwenye reli zake zenyewe za Tri-ang, zile za Super 4 ambazo ziko boksi hilo hilo na zilihitaji kusuguliwa tu. Kama una reli mpya tayari na hutaki kubadili, ujue hilo kabla hujanunua.

Kinavuta mabehewa matano sasa hivi kuzunguka meza ya kulia chakula. Mzee wangu alikiona kwa video, akanyamaza kidogo, akaniuliza nimetia oili gani, nikamwambia ya cherehani, akasema sawa, lakini baada ya mwezi fungua tena uiangalie. Nimeiandika kwenye kalenda.